Kuchagua kozi ya mwisho kabla ya kuomba kazi ya urubani kwenye shirika la ndege: mwongozo kamili

Rubani aliyemaliza leseni ya biashara, pamoja na idhini ya injini mbili na ile ya kurusha kwa vipimo (kuongoza ndege kwa kusoma vipimo vya ndani bila kutegemea kuona nje), anaruhusiwa kisheria kulipwa kwa kazi yake. Hata hivyo hajawahi kugawana kazi na rubani mwenzake, na ndege kubwa kuliko zote alizowahi kushika huenda ilikuwa na viti sita. Kozi za mwisho zipo kwa ajili ya kuziba pengo hilo. Ziko nyingi, majina yake yanakaribiana, bei zinapishana mno, na kila chuo hudai wahitimu wake ndio wanaogombewa.

Ushauri wetu ni kuchagua kwa kuanzia mwisho. Tafuta kwanza shirika linataka nini, kisha chumba cha usaili wa simuleta kinapima nini, ndipo uangalie kozi. Anayeanza na brosha ya chuo huishia kulipia kitu kizuri ambacho hakuna aliyemwomba akilete.

Kanuni nyingi tunazotaja hapa ni za EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, kwa sababu ndizo zinazozitenganisha kozi hizi waziwazi. Marekani ina utaratibu wake, nao tumeugusa mbele.

Kozi tano ambazo watu huzichanganya

MCC ni mafunzo ya ushirikiano wa marubani wawili. Bila cheti chake huwezi kuanza mafunzo ya ndege inayotakiwa kurushwa na watu wawili, isipokuwa kozi hizo mbili ziwe zimeunganishwa. Kiwango cha chini cha EASA ni saa 25 za nadharia na mazoezi ya darasani, pamoja na saa 20 za simuleta. Waliosoma njia ya mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho katika chuo kimoja hupunguziwa saa za simuleta hadi 15. Hakuna mtihani wa mwisho: ukimaliza saa na mkufunzi akaridhika, unapewa cheti.

APS MCC ni MCC iliyokuzwa. Saa za simuleta hufika 40, kifaa kinachotumika lazima kiige jeti ya abiria, na mwishoni kuna tathmini ya kweli ambayo mtu anaweza kuikosa. Asiyefika kiwango kwa kawaida huondoka na cheti cha MCC ya kawaida. Hapo ndipo ilipo thamani yake kwa mwajiri, maana cheti kinachoweza kukosekana kinasema jambo juu ya aliyekipata.

JOC ni kozi ya kuzoea jeti. Haina kiwango kilichowekwa na mamlaka, kila chuo hupanga saa zake na maudhui yake. Zamani wengi walifanya MCC kisha JOC. APS MCC imezimeza zote mbili. Ukikuta chuo bado kinauza JOC peke yake, huenda ikakufaa kama tayari una MCC ya kawaida na unataka kunoa mikono kabla ya usaili. Vinginevyo iruke.

UPRT ya juu ni mafunzo ya kuzuia ndege isitoke kwenye mkao salama na kuirejesha ikitoka. Tangu Desemba 2019 kanuni za Ulaya zinaidai kabla ya kuanza mafunzo ya aina ya kwanza ya ndege ya marubani wawili. Kiwango cha chini ni saa 5 za nadharia na saa 3 za kurusha na mkufunzi. Saa hizo 3 ni za ndege halisi, simuleta haikubaliki. Watu wengi huisahau, halafu huitafuta kwa pupa wiki mbili kabla ya kuripoti kazini.

Ya tano ni idhini ya aina ya ndege, ambayo marubani huiita taipu retingi. Hiyo inakuruhusu kurusha, kwa mfano, Airbus A320 au Boeing 737, na kwa EASA inadumu mwaka 1 kabla ya kuhitaji kuhuishwa kwa mtihani. Ndiyo ghali kuliko zote na ndiyo inayowapotezea watu fedha nyingi zaidi. Ina sehemu yake hapa chini.

Kabla ya kwenda mbali, fungua mkataba wa chuo ulichosomea. Kozi nyingi za mfululizo huwa na MCC ndani yake, na tumeona watu wakilipia mara ya pili kitu walichokwisha kununua.

Hatua ya 1: Soma masharti ya mashirika

Chagua mashirika matano au sita ambayo kweli ungeyaombea kazi, kisha uandike kwenye karatasi moja, kwa kila shirika: leseni ya mamlaka gani inakubalika, MCC ya aina gani, kiwango gani cha lugha, haki ya kufanya kazi katika nchi gani, ndege gani wanazorusha, na kama wanakubali marubani wasio na taipu retingi.

Suala la mamlaka ndilo linalowaponza wengi. Uingereza ilipotoka kwenye mfumo wa EASA mwishoni mwa 2020, vibali vya vyuo vyake vya Uingereza vikaacha kuwa vibali vya EASA. Kwa hiyo chuo kimoja kinaweza kuwa na vibali viwili, kimoja, au kimoja kilichoisha muda. Usiulize kama cheti "kinatambulika". Omba namba ya kibali cha chuo, jina la kozi lilivyoandikwa kwenye kibali hicho, na mamlaka iliyokitoa, kisha uihakikishe kwa mamlaka yenyewe. Kama leseni yako ni ya nchi nyingine, andikia mamlaka ya kwenu kwa barua pepe ukiuliza kama wataipokea MCC hiyo, na utunze jibu. Jibu la simu halina kazi siku afisa mwingine atakapokaa kwenye kiti kile.

Angalia pia ndege zao. EasyJet hurusha familia ya A320 peke yake. Ryanair kwa sehemu kubwa ni 737. Karatasi yako ikijaa aina moja, fanya kozi kwenye simuleta ya aina hiyo. Ikichanganyika, usijisumbue, mambo yanayopimwa ni yaleyale.

Hatua ya 2: Zihesabu saa upya

Saa 20 za MCC ni za wawili kwa pamoja. Kipindi cha kawaida kina saa 4: saa 2 wewe ndiye unayerusha, saa 2 unafuatilia huku mwenzako akirusha. Hivyo MCC ya kawaida ni vipindi 5, na mikono yako inashika usukani saa 10 hivi. APS MCC ya saa 40 ni vipindi 10, saa 20 za kurusha. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ipime kwa saa hizo za kurusha, utaona mara nyingi APS inalipa.

Chuo kikikuambia "saa 50", uliza ni saa za simuleta au zimejumlishwa na maelezo ya kabla na baada. Uliza pia muda wa maelezo hayo. Kipindi cha saa 4 kinahitaji saa 1 au zaidi ya maandalizi na angalau nusu saa ya kukipitia baadaye. Chuo kinachopanga kundi jingine liingie dakika unapotoka, bila chumba cha kukaa mkazungumza, kinakuuzia mashine tu.

Halafu uliza simuleta ikiharibika katikati ya kipindi inakuwaje. Jibu zuri ni kwamba saa zilizopotea hurudishwa ndani ya wiki hiyohiyo, na limeandikwa.

Hatua ya 3: Simuleta, bila kudanganywa na miguu yake

Matangazo hupenda kuonyesha simuleta kubwa iliyosimama juu ya miguu sita inayocheza. Hiyo ndiyo FFS, na kwa taipu retingi huna budi kuitumia. Kwa MCC, simuleta isiyotikisika inatosha kabisa. Unachojifunza ni kusema, kusikiliza, kupanga na kurusha kwa vipimo, na hakuna hata kimoja kinachohitaji kiti kuruka.

Mambo ya kukagua ni mengine. Je, usukani na leva za nguvu ni za ukubwa na uzito wa kweli? Je, kompyuta ya safari inafanya kazi zote, au kuna kurasa zisizofunguka? Je, kanzidata ya njia za anga ni ya karibuni, ili ramani unazosoma zilingane na inachoonyesha skrini? Je, orodha za dharura zinazotumika ni za ndege hiyohiyo? Na kubwa kuliko yote, je, chuo kina kitabu kimoja cha taratibu sanifu ambacho wakufunzi wote wanakifuata? Omba kukiona. Kama kila mkufunzi ana matamshi yake ya kupaa, yaani maneno maalumu ambayo marubani huambiana, vipindi vitatu vya kwanza vitaishia kubishana.

Kuhusu A320 na 737, kwa wasiofungwa na shirika lolote. A320 hujirekebishia yenyewe ulinganifu wa mkia, ule unaoifanya ndege ishike mkao bila kusukumwa kwa mkono, na leva zake za nguvu hazisogei mtambo unapobadilisha nguvu. Usipousoma mstari wa juu wa skrini unaoonyesha hali za otopailoti, yaani FMA, hujui ndege inafanya nini. 737 inakulazimisha kurekebisha ulinganifu kila mwendo unapobadilika, na uzembe wa mkono huonekana papo hapo. Tukilazimika kuchagua kwa mtu mwenye mikono dhaifu, tungempeleka 737. Mwenye mikono mizuri lakini asiyezoea mitambo ya kujiendesha, A320 itamfaa zaidi.

Hatua ya 4: Mkufunzi na mwenzako wa kiti cha pili

Hapa tutakaa zaidi, kwa sababu ndipo kozi mbili za bei moja zinapoachana.

Kumbuka kozi hii ilitoka wapi. Mwaka 1977 ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia huko Tenerife, wakafa watu 583. Fundi wa chumbani katika mojawapo alihoji kama njia ilikuwa wazi, kapteni akaendelea kuondoka. Desemba 1978 ndege ya United, safari namba 173, iliishiwa mafuta karibu na Portland wakati kapteni akishughulikia tatizo la magurudumu. Wenzake waliona mafuta yanapungua, lakini hawakusema kwa uzito uliotosha. Mwaka uliofuata NASA iliitisha mkutano uliozaa mafunzo ya ushirikiano wa chumbani. Kwa hiyo mkufunzi wa MCC hatakupima tu kama unaweza kutua. Anapima kama ungesema, ungesema lini, na ungesema vipi.

Kufundisha hilo kunahitaji mtu aliyekaa kwenye chumba cha shirika. Uliza mkufunzi wako alirusha ndege gani, kwa kazi gani, na aliacha lini. Aliyestaafu miaka mingi iliyopita anaweza kuwa mwalimu bora wa mikono lakini akakufundisha matamshi yaliyokwisha kuachwa. Tunachopendelea ni mchanganyiko: mkufunzi mmoja anayekuongoza vipindi vingi, na mwingine anayekuja kipindi cha katikati na cha tathmini. Chuo kinachobadilisha mkufunzi kila siku hakina anayefahamu kosa lako la jana.

Uliza anatoa alama vipi. Vyuo vizuri hutumia stadi zinazotumiwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na mashirika ya ndege: kufuata taratibu, mawasiliano, kuiongoza ndege kwa mkono, kuiongoza kwa mitambo, uongozi na kazi ya pamoja, kutatua matatizo na kuamua, kutambua hali, kugawa kazi, na kutumia maarifa. Kila kipindi kinapaswa kuacha ripoti ya maandishi yenye alama kwa kila stadi. Chuo kisichoandika ripoti za vipindi, kiache. Huwezi kujirekebisha kwa "leo umefanya vizuri", na mashirika mengine huomba kuziona ripoti hizo.

Sasa mwenzako. Nusu ya kozi utaifanya ukimtazama yeye, na tathmini yako inategemea kwa kiasi namna anavyokufuatilia. Uliza mambo matatu kabla ya kulipa: anapatikana vipi, mwenzako akiugua au akijitoa nani anakaa kwenye kiti chake, na je, unaruhusiwa kuja na wako. Ukiwa na rafiki mliyemaliza naye anayejiandaa kwa bidii, njoo naye. Chuo kikisema mkufunzi mwenyewe atakuwa mwenzako, kataa kwa zaidi ya kipindi kimoja. Mkufunzi atakuokoa bila kujua, nawe utafika kwenye usaili hujawahi kubeba uzito wa mwenzako aliyezidiwa.

Hatua ya 5: Omba mtaala wa kila kipindi

Si kurasa mbili za mauzo, mtaala wenyewe. Katika vipindi 10 vya APS, mpangilio tunaouamini ni huu. Vipindi vitatu vya kwanza ni mikono: kupaa, kugeuka kwa mwinamo wa digrii 45, kupunguza mwendo na kutoa flapu, kutua kwa ILS (mawimbi ya redio yanayoelekeza ndege hadi njia ya kurukia) bila mistari elekezi ya skrini wala otopailoti. Katikati ni taratibu na hitilafu: kuacha kupaa, injini kufa baada ya V1 (mwendo ambao ukiupita huachi tena kupaa), kukatisha kutua na kupaa tena, kupoteza hewa ya ndani na kushuka kwa dharura. Vipindi vya mwisho ni safari nzima kutoka sehemu ya kuegesha hadi sehemu ya kuegesha, na hitilafu inayokulazimisha kuamua badala ya kubonyeza tu.

Mtaala unaoanza na injini kufa siku ya pili ni wa kuvutia macho. Mwanafunzi ambaye hajajua nguvu na mkao wa pua kwa mwendo fulani hawezi kujifunza dharura, anajifunza hofu.

Jeti ina tabia zake, na mtaala mzuri huzitaja. Injini iliyoachwa chini kabisa huchukua sekunde kadhaa kupanda, kwa hiyo ndege iliyo chini ya njia ya kutua karibu na ardhi bila nguvu ina hatari ambayo ndege ya pangaboi haikukufundisha. Jeti pia ni vigumu kuishusha na kuipunguza mwendo kwa wakati mmoja. Ndiyo maana marubani hupiga hesabu: maili 3 za baharini kwa kila futi 1,000 za kushuka, na maili 1 zaidi kwa kila noti 10 za kupunguza. Ukiwa futi 9,000 juu ya uwanja, na unataka kutoka noti 250 hadi 180, unahitaji maili 27 na nyingine 7, jumla 34. Kwenye mteremko wa digrii 3, zidisha mwendo wa ardhini kwa 5 kupata kasi ya kushuka: noti 140 ni futi 700 kwa dakika. Mkufunzi anapaswa kukudai hesabu hizi kwa sauti tangu siku ya kwanza.

Pia tazama kama kuna zoezi la usaili. Saa moja inayofanana na usaili wa simuleta wa shirika, na mtu usiyemjua akikutazama bila kukusaidia, ina faida kubwa kuliko siku nzima ya semina ya kuandika wasifu.

Hatua ya 6: Wakati

Cheti cha MCC hakina tarehe ya kuisha, ila ujuzi wenyewe unayo. Kozi iliyofanywa mwaka mmoja kabla ya usaili ni kumbukumbu tu. Panga APS imalizike karibu na wakati unaotegemea kuitwa, na usiruhusu vipindi vitawanywe. Wiki tatu hivi, zenye siku ya kupumzika baada ya kila vipindi viwili au vitatu, ni mwendo mzuri. Chuo kinachokupa vipindi viwili wiki hii na vitatu mwezi ujao kinakulipisha kurudia.

Tazama pia vibali vingine vinavyokimbia. Idhini ya kurusha kwa vipimo kwa EASA hudumu mwaka 1. Mitihani ya nadharia ya leseni ya juu, ile ya urubani wa mashirika (ATPL), ina muda wake: miezi 36 ya kuitumia kupata leseni ya biashara na idhini ya vipimo, kisha miaka 7 tangu uhalali wa mwisho wa idhini hiyo. Cheti cha afya cha daraja la 1 nacho. Ziandike tarehe zote pamoja. Si ajabu kukuta idhini ya vipimo inaisha katikati ya mchakato wa ajira.

UPRT ifanye popote kabla ya taipu retingi. Igawe katika siku mbili au tatu, maana anayefanya saa zote 3 kwa siku moja mara nyingi anamalizia ya mwisho akiwa na kichefuchefu, hajifunzi kitu. Hakikisha mkufunzi ana kibali maalumu cha mafunzo haya, na kwamba ndege imeidhinishwa kwa mikao hiyo.

Hatua ya 7: Fedha na mkataba

Omba bei moja iliyoandikwa inayojumuisha simuleta, mkufunzi, vitabu, tathmini, cheti, kodi na mazoezi ya kurudia kama hukufika kiwango. Linganisha vyuo kwa jumla hiyo pamoja na malazi, usafiri na viza. Kozi ya bei ya chini mahali ambapo utalala hotelini kwa wiki nne huishia kuwa ya bei ya juu.

Usilipe yote mwanzoni. Vyuo vya urubani hufilisika, na mwanafunzi aliyelipa yote husimama nyuma ya mstari wa wadai. Weka amana ndogo, salio kwa awamu zinazofuata vipindi vilivyokwisha kufanyika. Punguzo la "lipa yote leo" lisikubabaishe. Mara nyingi ni dalili kwamba chuo kinahitaji fedha yako kulipia kozi ya mtu mwingine.

"Usaili wa uhakika" nao uchunguze. Uliza wahitimu wangapi wa makundi mawili yaliyopita wamepata kazi, mashirika gani, na baada ya miezi mingapi. Kisha omba kuzungumza na wahitimu wawili, mmoja wao asiyepata kazi. Chuo chenye uhusiano wa kweli na shirika hutajwa na shirika lenyewe kwenye ukurasa wake wa ajira. Kama kinatajwa na chuo tu, unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Taipu retingi ya kujilipia

Msimamo wetu ni mmoja: usinunue bila barua ya ajira mkononi. Uhalali wake ni mwaka 1, na bila saa za ndege halisi wengi hujikuta wakilipia kuihuisha simuleta huku wakingoja simu isiyolia. Shirika linalotaka rubani mwenye taipu retingi mara nyingi linataka pia saa 500 au zaidi kwenye aina hiyo, jambo ambalo karatasi peke yake haileti.

Kama shirika limekupa ajira kwa sharti ulipie mwenyewe, angalia haya. Je, bei ina mtihani wa mwisho na ada ya mtahini? Je, ina kutua kwa ndege halisi? Rubani mpya asiye na uzoefu wa ndege kubwa hapaswi kutegemea kwamba simuleta peke yake itamaliza kazi. Kwa kawaida hupaa na kutua mara 6 hivi kwenye ndege yenyewe, na ndege hiyo haipatikani bure. Chuo kisicho na ndege kinaweza kukuacha na mtihani uliofaulu na leseni isiyoandikwa chochote. Je, deni linafutwa kwa miaka mingapi ya kazi, na shirika likikuachisha je? Kanuni zinaruhusu MCC kuunganishwa na taipu retingi, kwa hiyo ukiwa tayari na ajira na huna MCC, uliza kozi ya pamoja kabla ya kulipia mbili.

Mipango ya kulipa ili urushe abiria kama rubani msaidizi kwa saa kadhaa, tuiite jina lake: unafanya kazi kisha unalipa. Saa zikiisha, anakuja mwingine mwenye fedha.

Kama njia yako ni ya Marekani

Huko hakuna MCC ya aina hii. Tangu Agosti 2014, kabla ya kufanya mtihani wa maandishi wa leseni ya juu ya ndege za injini nyingi, lazima umalize kozi ya ATP-CTP: saa 30 za darasani na saa 10 za simuleta, kati yake angalau 6 kwenye FFS ya daraja la C au zaidi. Leseni yenyewe kwa kawaida inadai saa 1,500. Waliotoka jeshini wanaweza kuipata yenye masharti kwa saa 750, na wenye shahada ya urubani kutoka chuo kilichoidhinishwa kwa 1,000. Kwa kuwa mashirika mengi madogo huwalipia waajiriwa wapya ATP-CTP, swali la kwanza si chuo gani, ni kama unahitaji kulipa hata kidogo.

Kabla ya siku ya kwanza

Anayefika akiwa amejiandaa hupata kozi mbili kwa bei ya moja. Mwezi mmoja kabla, omba kitabu cha taratibu na ukariri matamshi ya kupaa, ya kukatisha kutua, na ya kila badiliko la FMA. Bandika picha ya chumba cha ndege ukutani na uguse kila swichi kwa mpangilio huku ukisema. Jifunze jozi za pua na nguvu ambazo chuo kinatumia. Rusha vipindi viwili au vitatu vya vipimo kwenye simuleta ya bei nafuu, ili upitishaji wa macho urudi.

Makosa yanayojirudia yanajulikana. Anayerusha hujaribu kufanya kila kitu mwenyewe, akiingiza namba kwenye kompyuta huku ndege ikitoka kwenye njia. Anayefuatilia hunyamaza kwa adabu mwendo unapozidi, akidhani mwenzake ameona. Sema mapema, kwa maneno mafupi: "Mwendo." Kama hakuna jibu, rudia; kisha sema unachotaka kifanyike. Injini inapokufa, mikono hukimbilia swichi. Taratibu za mashirika kwa kawaida hukataza hatua yoyote chini ya futi 400 isipokuwa kuiongoza ndege na kukunja magurudumu, na wakufunzi hutazama kama unaweza kungoja. Na njia ya kutua isiyotulia, yaani mwendo na mteremko havijakaa sawa, kufikia futi 1,000 ukiwa kwenye mawingu, au 500 ukiwa unaona, inakatishwa bila kujadili. Kuna mwanafunzi hulazimisha kutua ili asionekane ameshindwa. Hiyo ndiyo alama ya chini kuliko zote katika kozi nzima.

Kwa maamuzi, chagua mfumo mmoja wa hatua za kufikia uamuzi, FORDEC au DODAR, na uutumie kwenye kila hitilafu hata ndogo, mpaka utoke mdomoni bila kuutafuta.

Baada ya kozi, hifadhi ripoti zote za vipindi, kisha panga saa 2 za simuleta kila mwezi pamoja na mwenzako wa kozi, mkipeana zamu za kurusha, mpaka barua ya usaili ifike. Saa hizo zijumuishe katika bajeti tangu siku unapolinganisha vyuo.